Kujua Lugha na Kujua Kuifundisha: Sifa Zitakiwazo kwa Mwalimu wa Kiingereza Ugenini

Miongoni mwa kazi zinazowavuta vijana waliohitimu masomo yao na kuelekeza nyuso ng'ambo, kazi ya kufundisha Kiingereza katika nchi ambazo lugha hiyo si ya wenyeji ina mvuto wa namna ya peke yake, kwa sababu huonekana kana kwamba haitaki mtaji mwingine ila ulimi. Aliyesoma kwa Kiingereza jiografia na historia, akakiandika katika mitihani na kukizungumza kazini, hujiona ameshika tayari mali ambayo watoto wa Seoul, makarani wa Hanoi na wanafunzi wa Muscat wanaitafuta na wako radhi kuilipia. Dhana hiyo haikosi ukweli, maana haja ya Kiingereza duniani ni kubwa. Walakini imewafikisha watu wasio haba mahali ambapo fedha zao zimekwisha, muda wao umepotea, na kazi waliyoiendea haipo.

Kosa la dhana hiyo ni kuchanganya mambo matatu ambayo kila moja lina mlango wake. La kwanza ni kuijua lugha, la pili ni kujua kuifundisha, na la tatu ni kuruhusiwa na sheria ya nchi kuifundisha. Mtu aweza kuwa na la kwanza kwa ukamilifu na asiwe na la pili hata kidogo. Aweza kuwa nayo yote mawili na bado akarudishwa uwanja wa ndege kwa kukosa la tatu. Azma ya makala haya ni kuyaeleza yote matatu kwa utaratibu, na kuitetea kauli moja: kwamba hati yenye uzito katika kazi hii ni ile iliyotolewa na mtu aliyemwona mwanagenzi akifundisha wanafunzi wa kweli, na kwamba nasaba ya mtu au mahali alipozaliwa hapawezi kushika nafasi ya mafunzo hayo.

Ufundi huu ulivyopata elimu yake

Kufundisha Kiingereza kwa wageni hakukuwa tangu hapo kazi yenye elimu yake. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Mwingereza yeyote aliyesoma vya kutosha aliweza kuifanya, na waliokuja kuibatilisha dhana hiyo walikuwa walimu wenyewe, baada ya kukabiliana na uzito wa kazi. Harold Palmer aliitwa Japani mwaka 1922 awe mshauri wa lugha katika Wizara ya Elimu, na huko Tokyo akaongoza taasisi ya kuchunguza namna Kiingereza kinavyofundishwa. A. S. Hornby, ambaye naye alikwenda Japani kufundisha, alishiriki katika uchunguzi huo, na matunda yake yakawa kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942 na kutolewa upya na Oxford University Press mwaka 1948, ambayo ndiyo asili ya kamusi ya wanafunzi iliyotumiwa na vizazi vingi katika shule za Afrika Mashariki. Kamusi hiyo haikutungwa kwa haja za Waingereza. Ilizaliwa na maswali ya Wajapani waliotaka kujua kitenzi hiki hufuatwa na nini na jina lile huhesabika au halihesabiki, maswali ambayo Mwingereza hajiulizi maishani mwake.

Kizazi kilichofuata kilileta mafunzo yenyewe. John Haycraft na mkewe Brita, aliyekuwa Mswidi kwa kuzaliwa, walifungua shule ya Kiingereza katika mji wa Córdoba, Hispania, mwaka 1953, na mwaka 1959 wakaanzisha shule London. Kwa kuwa waliona dhahiri kwamba msomi mwenye shahada nzuri aweza kusimama mbele ya darasa asijue la kufanya, mwaka 1962 walianzisha kozi fupi ya walimu ambayo msingi wake ulikuwa vitendo: mwanagenzi afundishe wanafunzi halisi huku mkufunzi akimtazama, kisha wakae pamoja kulipima somo lililopita. Baadaye Royal Society of Arts ya London iliichukua kozi hiyo na kuitolea cheti, na mwaka 1988 mitihani hiyo ikahamia mikononi mwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Cheti kijulikanacho leo kwa jina la CELTA ni mzao wa kozi ile, na yafaa kukumbukwa kwamba mmoja wa wazazi wake wawili hakuzaliwa na Kiingereza kinywani.

Yaliyomo ndani ya cheti

Kwa kuwa vyeti viwili hutajwa zaidi ya vingine vyote katika matangazo ya kazi, ni vyema msomaji ajue kilichomo ndani yake. CELTA humtaka mwanagenzi ahudhurie saa zisizopungua 120 pamoja na wakufunzi wake, afundishe kwa muda wa saa sita wanafunzi wa viwango viwili tofauti, awatazame walimu wazoefu wakifundisha kwa muda kama huo, na aandike kazi nne. Hakuna mtihani wa mwisho. Mwanagenzi hupimwa siku hadi siku, na Cambridge humtuma mtathmini wa nje kuhakikisha kwamba kituo hakimpendelei mtu. Asomaye kutwa huimaliza kozi kwa muda wa kama mwezi mmoja, na asomaye baada ya kazi huichukua miezi kadhaa. Cheti cha pili ni kile cha Trinity College London, kiitwacho CertTESOL, chenye saa zisizopungua 130 na saa sita za kufundisha, na ndani yake limo sharti moja lenye hekima kubwa: mwanagenzi hufundishwa kwa saa chache lugha asiyoijua hata neno moja, ili aonje upya unyonge wa mwanafunzi, kisha aandike aliyojifunza kutokana na unyonge huo.

Vyeti vyote viwili vimewekwa katika daraja la tano la mfumo wa sifa za elimu wa Uingereza. Mwombaji huwa ametimiza miaka 18, ana elimu iwezayo kumwingiza chuo kikuu, na hupewa zoezi la lugha na usaili kabla ya kukubaliwa. Hawaulizwi waombaji wamezaliwa wapi. Wanaulizwa kama Kiingereza chao kimefika ngazi za juu, yaani C1 au C2, katika kipimo cha Ulaya kilichotolewa mwaka 2001, ambacho huanza na A1 kwa mwanafunzi anayeanza na kuishia C2 kwa aliyebobea.

Lakini saa na daraja hazielezi ni nini hasa mtu hujifunza humo, na hapo ndipo penye utamu wa jambo. Tuchukue sentensi mbili za Kiingereza: "I lost my key" na "I have lost my key". Ajuaye lugha hutumia kila moja mahali pake bila kukosea, lakini mwanafunzi akimwuliza kwa nini hapa ni hii na pale ni ile, aghalabu atajibu kwamba ndivyo inavyosemwa, na jibu hilo halimfai mtu kitu. Mwalimu aliyefunzwa huja darasani akijua kwamba sentensi ya kwanza yatazama tukio lililokwisha na wakati wake, ilhali ya pili yatazama hali iliyopo sasa, kwamba mlango bado umefungwa. Na badala ya kulihutubia darasa, huuliza maswali mafupi: je, ufunguo umeonekana? Je, tunajua ulipotea lini? Majibu ya wanafunzi ndiyo yatakayomwonyesha kama maana imewaingia. Mwanagenzi hukatazwa kabisa kuridhika na swali la "mmeelewa?", kwa sababu darasa zima, katika kila nchi, hujibu ndiyo, kwa adabu au kwa hofu.

Kadhalika hujifunza kuandika andalio la somo lenye kutaja, kabla ya somo kuanza, matatizo ambayo wanafunzi huenda wakayapata na dawa ya kila tatizo. Hujifunza kupunguza maneno yake mwenyewe ili wanafunzi wapate nafasi ya kusema. Hujifunza kosa gani lisahihishwe papo hapo na lipi liachwe hadi mwanafunzi amalize kauli yake. Na hujifunza kupanga ubao, kugawa makundi na kulinda wakati. Mambo haya yakisomwa karatasini huonekana mepesi. Uzito wake hujulikana mtu akisimama mbele ya watu wazima kumi na wawili waliotoka kazini, kila mmoja na haja yake, na mkufunzi ameketi nyuma akiandika.

Hati nyepesi na hati nzito

Kwa sababu hiyo msomaji na ajihadhari na vyeti vinavyouzwa kwa wingi katika intaneti, ambavyo navyo huandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni vya saa 120. Hesabu ya saa ni ileile, ila ndani ya saa hizo mwanagenzi hakumwona mwanafunzi hata mmoja wala mwanafunzi hakumwona yeye. Alisoma kurasa, akajibu maswali ya kuchagua, akalipa, akachapa cheti. Siwezi kusema kwamba kozi kama hizo hazina faida yoyote, maana ziko zinazoeleza sarufi kwa uangalifu, na ziko nchi ambazo kwa minajili ya kibali cha kazi huzikubali. Lakini kuzilinganisha na kozi yenye mazoezi ya kufundisha ni kumdhulumu mnunuzi.

Hakuna chombo kimoja duniani chenye mamlaka ya kuithibitisha kila kozi ya ualimu wa Kiingereza, na pengo hilo limewapa wafanyabiashara nafasi ya kubuni mabaraza ya ithibati yenye majina ya fahari, ambayo mara nyingine huwa ni ya wauzaji wenyewe. Kwa hiyo anayetaka kujisajili na aulize maswali matatu, asiridhike mpaka ajibiwe: nitafundisha wanafunzi halisi kwa saa ngapi, nani atanitazama naye ana sifa gani, na ni chuo kikuu gani au mamlaka gani ya serikali inayoitambua hati hii na kuipa daraja? Muuzaji asiyeweza kuyajibu maswali hayo hana cha kuuza ila karatasi. Aidha, kwa kuwa kozi zenye uzito ni ghali, na katika Uingereza gharama yake hupita pauni elfu moja, haifai mtu kukopa kabla hajajua kama nchi anayoikusudia itampokea, na jambo hilo latuleta kwenye mlango wa tatu.

Shahada, pasipoti na sheria

Katika nchi nyingi za Asia, sharti la kwanza la serikali ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu, na cheti cha ualimu wa lugha huja baada yake. Japani, kupitia mpango wake wa JET ulioanza mwaka 1987, huwaita vijana wa nchi zilizoafikiana nayo wakawe wasaidizi wa walimu wa lugha mashuleni, na shahada ya somo lolote hutosha. Nje ya mpango huo, mgeni anayeomba viza ya kufundisha lugha katika shule za Japani hutakiwa awe amesoma kwa lugha hiyo kwa muda usiopungua miaka 12. Sharti hili lastahili kupimwa kwa makini na msomaji wa kwetu. Mkenya aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne hadi chuo kikuu aweza kuifikia miaka hiyo; Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili ana miaka sita ya sekondari na mitatu ya shahada, ambayo jumla yake ni tisa, hata kama Kiingereza chake ni fasaha kuliko cha mwenzake.

Korea ya Kusini ni kali zaidi. Viza yake ya walimu wa Kiingereza, iitwayo E-2, kwa kanuni ya jumla hutolewa kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika ya Kusini, nao hutakiwa shahada, hati ya polisi na kupimwa afya. China hutaka shahada pamoja na uzoefu wa miaka miwili, ambao waweza kuondolewa kwa mwenye shahada ya ualimu au cheti cha kufundisha lugha. Lakini huko pia maafisa hutazama pasipoti imetoka wapi, na kanuni hutekelezwa kwa tofauti kati ya jimbo na jimbo. Isitoshe, mwezi wa Julai 2021 serikali ya China ilizibana vikali shule za binafsi za masomo ya ziada, na walimu wengi wa kigeni wakapoteza kazi. Mwenye kusikiliza sifa za nchi hiyo kutoka kwa mtu aliyefanya kazi huko kabla ya mwaka huo na ajue kwamba anasikiliza habari za zamani.

Vietnam na Thailand zina milango mipana kidogo. Vietnam hutaka shahada, cheti cha kufundisha lugha, hati ya polisi na vipimo vya afya, na asiye mzawa wa lugha huonyesha pia hati ya kiwango chake. Thailand hutaka viza ya kazi, kibali cha kazi, na leseni au ruhusa ya muda kutoka baraza la walimu la nchi hiyo. Hapa ndipo mtihani kama IELTS, ambao ulianza mwaka 1989 na hutoa alama hadi 9, unapomfaa Mwafrika wa Mashariki: hautazami pasipoti, hutazama ulimi na kalamu.

Katika nchi za Ghuba mambo huenda kwa njia nyingine, kwa kuwa waajiri wa huko, hususan shule na vyuo, humtazama zaidi mwalimu wa taaluma: shahada ya Kiingereza au ya ualimu, uzoefu wa miaka kadhaa, na kwa vyuo vya juu mara nyingi shahada ya uzamili. Oman, iliyoanza kufundisha Kiingereza tangu darasa la kwanza katika mfumo wake wa elimu ya msingi ulioanzishwa mwaka 1998, imekuwa ikiwaandaa walimu wake wenyewe na kuwapa Waomani haki ya kwanza ya ajira, kwa hiyo nafasi za wageni si nyingi kama zamani. Hata hivyo, historia ya nchi hiyo inatupa ushahidi kwamba ujuzi wa lugha hautegemei mahali pa kuzaliwa. Baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipowaita nyumbani Waomani waliokuwa Afrika Mashariki, wengi walirudi na Kiingereza walichokipata katika shule za Unguja na Mombasa, na wakashika kazi katika wizara na makampuni mahali ambapo wajuzi wa lugha hiyo walikuwa haba. Hakuna aliyewauliza kama walizaliwa London.

Ziko pia hati zinazopaswa kuthibitishwa kabla ya safari, nazo huchukua miezi. Cheti cha shahada, cheti cha ualimu na hati ya tabia njema kutoka polisi hutakiwa vitambuliwe kisheria na nchi ya ugenini. Mkataba wa Hague wa mwaka 1961 uliirahisisha kazi hiyo kwa nchi wanachama: muhuri mmoja, uitwao apostili, hutosha. Korea ya Kusini, Oman na China ni wanachama, na kwa upande wetu Burundi imo tangu 2015. Mtu ambaye nchi yake haimo hupita njia ndefu, kwanza mamlaka ya elimu iliyotoa hati, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, mwisho ubalozi wa nchi anayokwenda, na kila mlango una ada yake na foleni yake. Busara ni kuanza mapema, na kutokukubali tarehe ya kuripoti kazini kabla mihuri haijakamilika.

Suala la mzawa

Msomaji ameona kwamba baadhi ya sheria hizi hazipimi ujuzi, hupima uraia. Itikadi iliyo nyuma yake ina historia iliyopita karibu na kwetu. Mwezi wa Januari 1961 wajumbe wa Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kuzungumzia mafundisho ya Kiingereza kama lugha ya pili, na mkutano huo ukaacha athari kubwa katika siasa ya elimu ya makoloni yaliyokuwa mbioni kupata uhuru. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya ubeberu wa lugha, aliichambua ripoti ya mkutano huo, akatoa humo itikadi tano alizoziita za uongo, mojawapo ikiwa kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyezaliwa nacho. Miaka miwili baadaye mwalimu wa Hungaria, Péter Medgyes, alichapisha kitabu juu ya mwalimu asiye mzawa, akaonyesha nguvu zake: yeye ni mfano hai wa mwanafunzi aliyefaulu, anazijua njia za kujifunza, na huyaona matatizo kabla hayajatokea. Mwaka 2006 chama cha walimu cha TESOL, kilichoasisiwa Marekani mwaka 1966, kilitoa tamko la kupinga kubaguliwa kwa walimu wasio wazawa.

Aliyezaliwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja hupita humo usiku bila taa na bila kufikiri, lakini mgeni akimwomba amwelekeze njia, mara nyingi humwambia tu amfuate. Yule aliyehamia mjini na kujifunza kona moja baada ya moja ndiye awezaye kumpa maelekezo yatakayomfikisha peke yake. Mwenye Kiswahili anajua kwamba lugha yake ina irabu tano, na kwamba ilimpasa kufunza sikio na ulimi ili atofautishe "ship" na "sheep", maana Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini. Kijapani nacho kina irabu tano. Mwalimu kutoka Tanga au Kisumu akisimama mbele ya darasa la Osaka, anaijua njia ambayo wanafunzi wake wataipita, kwa kuwa aliipita kwa miguu yake mwenyewe. Hii ni elimu, na inayo thamani, na haipaswi kuombewa radhi.

Ila haki hii haimwondolei mtu wajibu. Haitoshi kulalamikia ubaguzi na huku lafudhi yetu haieleweki nje ya mipaka yetu, au sarufi yetu imejaa mazoea ambayo hatujawahi kuyakagua. Asiye mzawa anayetaka kusimama sawa na mzawa hana budi kuwa na hati nzito kuliko ya mzawa huyo, na ingawa jambo hilo si la insafu, ndilo lililopo. Naye akiwa nayo, huwafungulia njia wanaomfuata.

Tahadhari kwa wasafiri

Penye shauku nyingi wadanganyifu hawakosi. Katika miaka ya karibuni vijana wa Afrika Mashariki wameahidiwa kazi nzuri Thailand, nyingine za ualimu, na wakajikuta wamevushwa hadi Myanmar, wamefungiwa katika majumba ya utapeli wa mtandaoni, pasipoti zao zimechukuliwa. Dalili za hatari zajulikana: kazi isiyouliza vyeti, mshahara usiolingana na sifa, mwajiri asiyefanya usaili wa kweli, wakala anayetaka malipo makubwa ili "ashike nafasi", na shauri la kuingia kwa viza ya utalii kwa ahadi kwamba kibali kitafuata. Kufundisha kwa viza ya utalii ni kuvunja sheria, na mvunja sheria hana mahali pa kushtaki akinyimwa mshahara. Mkataba na usomwe wote kabla ya kutiwa saini, na wakala athibitishwe kwa mamlaka husika, ambayo Tanzania ni chombo cha serikali cha huduma za ajira, TaESA, na Kenya ni Mamlaka ya Taifa ya Ajira.

Pa kuanzia

Anayeitaka kazi hii kwa dhati aweza kuanza nyumbani. Aliye na stashahada au shahada ya ualimu amekwisha kupata msingi ambao Mwingereza mwenye cheti cha mwezi mmoja hana, kwa kuwa amefanya mazoezi ya kufundisha kwa majuma mengi, katika madarasa makubwa na kwa zana chache. Alichopungukiwa aghalabu ni namna ya kufundisha lugha kwa mazungumzo badala ya kunakili ubaoni. Mtihani wa Cambridge uitwao TKT, ulioanzishwa mwaka 2005, hupima nadharia hiyo kwa gharama ndogo kuliko CELTA, na waweza kuwa hatua ya kwanza, ingawa hauna mazoezi ya kufundisha na kwa hiyo hauwezi kuwa ya mwisho. Baada ya hapo na afanye mtihani wa ufasaha, atafute kozi yenye kutazamwa, kisha achague nchi kwa kusoma sheria zake katika ofisi na tovuti za serikali yenyewe, asitegemee uvumi wa waliotangulia. Aliyefundisha miaka kadhaa aweza kuendelea na DELTA, au stashahada ya Trinity, ambazo ziko daraja la saba na huwafaa wanaotaka kuwa wakufunzi na wakuu wa shule.

Huenda wengine watakaoifuata njia hii wasivuke bahari kamwe, kwa sababu ya pasipoti, fedha au familia, na juhudi zao hazitakuwa zimepotea. Mtoto wa Tanzania huvuka kutoka Kiswahili cha shule ya msingi kwenda Kiingereza cha sekondari kwa pigo moja, na wengi hukwama hapo kwa kukosa mwalimu ajuaye kuifundisha lugha hiyo kama lugha ya kigeni. Mwalimu aliyejifunza kuuliza swali lenye kufichua maana, kunyamaza ili mwanafunzi aseme, na kulitazama kosa kama alama ya njia, anahitajika Morogoro na Garissa kama anavyohitajika Hanoi. Mwanafunzi wa popote hutoa ada yake na umri wake, naye huviweka amana mikononi mwa mwalimu. Kumpelekea mtu ambaye sifa yake pekee ni kusema lugha ni kuikhini amana hiyo. Kwa hiyo kila ajiulizaye kama anafaa kwa kazi hii na atafute darasa, hata la bure, amwombe mwalimu mzoefu aketi nyuma na kalamu, afundishe saa moja, kisha asikilize atakayoambiwa. Hapo atajua anachokijua na anachopaswa kujifunza, na ndipo atakapokuwa tayari kutafuta cheti na viza.